Risasi Zilizokaa Juu ya Moto

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo sioni haya kulisema. Waliofika la saba, hata wale waliovaa tai, wote wamewahi kuja kwangu kuomba lifti, kuomba mbegu, kuomba niwatafutie vijana wao kazi. Nilianza na mikono hii miwili kwenye ngano ya mzungu, juu kidogo ya Ruiri, huku Meru, na kabla sijafika miaka thelathini na tano nilikuwa na kinu changu cha kusaga, lori langu, na ngano yangu mwenyewe katika ardhi ile ile niliyokuwa nikiipalilia kwa kuinama. Na katika lokesheni yetu nzima, mimi ndiye mwananchi wa kwanza kupewa leseni ya bunduki. Sikupewa kwa sababu ya sura yangu. Nilikwenda ofisi ya wilaya mara sita. Mara ya sita karani aliniona mlangoni akasema, "Huyu mzee hachoki?" nami nikamwambia achoke yeye kwanza, mimi nina ngano inayoliwa na nyani.

Bunduki yenyewe ilikuwa ile ndogo, ya pointi tuu-tuu, ya kutia risasi moja moja. Waliokuwa na wivu walisema ni ya kuchezea watoto. Hao hawakuwahi kumwona nyani dume akianguka kutoka juu ya jiwe la mbali kwa kitu kinachotosha kwenye ukucha.

Watu wengi hudhani risasi ni risasi. Si kweli. Hata hizi ndogo, ambazo unaweza kuficha kumi ndani ya ngumi, kila moja ina tabia yake kama ng'ombe. Iko fupi, inayolia kama mtu aliyevunja kijiti kikavu. Hiyo ni ya ndege na panya, na ukimpiga nayo nyani mkubwa anageuka kukutazama kama mtu aliyetukanwa. Iko ndefu ya kichwa kigumu, inayopita upande wa pili. Iko ndefu yenye shimo puani, ambayo ikiingia nyamani inachanuka na haitoki. Iko ya polepole, isiyo na kelele, ya kumvizia nungunungu kwenye viazi. Na iko ile ambayo mahali pa kichwa imejazwa chembe ndogo kama ulezi, ya kupiga panya ghalani bila kutoboa mabati. Karibu zote zinaingia katika mtutu mmoja. Bunduki haikatai. Inakula unacholisha. Wewe ndiye unayepaswa kujua umelisha nini, nami nilijua. Ungenifunga macho ukafyatua, ningekuambia ni ipi kwa mlio tu.

Zaidi ya hapo, hizi ndogo haziwashwi kama zile kubwa za askari. Ile kubwa ina kitone katikati ya kitako chake, na pini ya bunduki hugonga hapo. Hii ndogo haina kitone. Dawa ya kuwasha imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, mzunguko mzima, na pini hugonga ukingoni. Kwa hiyo ikikataa kulia unaitoa, unaizungusha kidogo, unaigonga upande mwingine. Mara nyingi inalia. Lakini usiitoe papo hapo. Mzungu alinifundisha hilo kwa ukali, kwa sababu mpishi wake alikuwa amepoteza kipande cha kidole. Ikikataa, elekeza mtutu chini, usiguse komeo, kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani, hesabu mpaka thelathini. Moto unaweza kuwa bado unatembea humo ndani.

Siku mzungu huyo alipofunga mizigo kurudi kwao, aliwagawia wafanyakazi vitu alivyoona havifai kubebwa. Mmoja alipata viatu, mwingine birika. Mimi nilipata mkebe wa biskuti uliojaa risasi za tuu-tuu, fupi na ndefu zimechanganyika. Wakati huo sikuwa na bunduki wala ndoto ya bunduki. Nilizichukua tu kwa sababu zilikuwa za shaba na ziling'aa.

Nilimpelekea mama azitunze, na hapo tulifanya kosa ambalo mtu asiyezaliwa nyumba kama yetu hawezi kulifanya. Jikoni kwa mama kulikuwa na itara, ile dari ya fito iliyoko juu ya mafiga, mahali pa kuni, na mahali pa mahindi ya mbegu, maana moshi huzuia fukusi na moto hukausha. Kitu chochote cha thamani kilichotaka kukaa kikavu kilipanda itarani. Mbegu ya babu ilitunzwa hapo ikaota. Nilisema moyoni, baruti nayo inataka ukavu, basi ikae na mbegu. Mkebe ulikaa juu ya ule moto miaka zaidi ya kumi. Ugali ulipikwa chini yake asubuhi na jioni.

Kila kichwa cha risasi ile ndogo hupakwa nta kidogo kiwandani ili kiteleze. Leo najua kwamba nta hiyo ikipata joto kila siku inayeyuka, inashuka ndani ya ganda, inalowesha baruti na ile dawa ya ukingoni. Nje inabaki iking'aa kama mpya. Nilipoteremsha mkebe, baada ya kupata leseni, niliona risasi zina mafuta mafuta kidogo, nikazipangusa kwa kitambaa. Nilifurahi kuona hazina kutu.

Leseni iliniruhusu idadi ndogo tu ya risasi, na kila nilipokwenda kununua nyingine nilionyesha maganda ya zile nilizotumia. Mpya zilikuwa ndefu, za shimo puani, nami nilizifungia kabatini. Risasi za mkebe hazikuwa kwenye karatasi yoyote ya serikali. Kwa hiyo hizo ndizo nilizotumia ovyo, kwa ndege, kwa makopo, kwa kuonyesha wageni. Nyingine zililia vizuri. Nyingine zilikataa. Nilizizungusha, nikagonga tena, nikasema ni uzee.

Sasa nije kwa ndugu yangu mkubwa.

Tulikuwa wawili tu kwa mama. Alinizidi miaka mitano. Mimi nilikuwa wa kusukuma, yeye alikuwa wa kusubiri, na nilipofungua kinu nilimpa funguo, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani ambaye ningemwachia funguo nikalala. Alioa Siakago, huko Mbeere, alikopata mke alipokuwa akizunguka kuninunulia ndengu. Walikuwa na watoto wanne. Watoto hao niliwasomesha mimi, na sikunyamaza juu ya jambo hilo. Nilikuwa mtu wa kutaja wema wake mwenyewe. Bado niko hivyo.

Asubuhi moja alifika kwangu kabla sijamaliza chai.

"Kuja na bunduki," alisema. "Mbwa wangu ameharibika."

"Ameharibika namna gani?"

"Taya limeanguka. Mate yanamtoka. Jana nilidhani mfupa umemkwama. Leo anatafuna mawe."

Nilimwelewa. Wiki chache nyuma, kwenye baraza, sabu-chifu alikuwa ametuambia kuna kichaa cha mbwa upande wa chini. Alisema mbwa wa kushukiwa apigwe kifuani, si kichwani, kwa sababu kichwa lazima kifike kwa daktari wa ng'ombe kikiwa kizima, kipelekwe kupimwa ubongo. Alisema pia yeyote aliyeumwa akimbie hospitali siku hiyo hiyo apewe sindano. Yote hayo niliyasikia. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Niliingia ndani kuchukua bunduki. Kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa kwenye suruali nyingine. Hilo halikuwa kizuizi, suruali ilikuwa imetundikwa hapo hapo ukutani. Lakini mkebe ulikuwa mezani. Nilichota risasi tano mfukoni nikatoka.

Tulimkuta mbwa amefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya boma la ng'ombe. Alikuwa mbwa mwekundu, mkubwa, aliyelinda kinu miaka mingi. Hakubweka. Alitazama kama anayetazama kitu nyuma yetu. Ndugu yangu alikuwa amekata mti mrefu wenye panda mbele, ule tunaotumia kumbana shingo ndume mkorofi, akambana mbwa shingo dhidi ya nguzo ili asigeuke. Nilisimama hatua tatu kutoka hapo.

"Umekuja na zile mpya?" aliniuliza.

"Mpya za nini? Huyu ni simba?"

"Nauliza tu. Wewe ndiye mwenye bunduki."

"Kwa umbali huu hata fupi inamtosha. Wewe shika vizuri."

"Tangu lini nikashika vibaya? Wewe mwenyewe nilikushika ulipokuwa ukijifunza kutembea."

"Na ndiyo maana miguu yangu imepinda."

Alicheka. Nilitia ndefu moja ya mkebe, nikalenga nyuma ya mguu wa mbele, pale moyo ulipo, nikavuta triga.

Kli. Basi, hivyo tu.

Niliinamisha mtutu nikasimama. Ndugu yangu alisubiri kidogo, mikono yote kwenye mti.

"Sasa?"

"Ngoja. Inaweza kulia ikichelewa. Lazima nihesabu thelathini."

"Thelathini?"

"Ndiyo sheria yake."

"Mbwa hajui kuhesabu, ndugu yangu. Fanya haraka."

Nilihesabu. Nilihesabu kwa haki, kama nilivyofundishwa, huku nikimwona mbwa akijikunja na kujikunjua, na mate yakishuka kwenye ule mti mpaka karibu na mikono. Nilipofika thelathini nilifungua komeo, nikatazama ukingo, nikaona alama ya pini. Hapo ningeweza kukimbia kabatini. Nyumba yangu haikuwa mbali. Badala yake niliizungusha risasi ile ile, nikairudisha, nikavuta.

Safari hii ilisema pfu. Kama mtu anayezima mshumaa. Moshi mdogo ukatoka nyuma, kwenye komeo, na kifuani pa mbwa sikuona kitu, hata unywele haukusogea. Nilijua mara moja. Kichwa cha risasi kilikuwa kimetoka kwenye ganda na kusimama katikati ya mtutu. Ukitia nyingine nyuma yake na kufyatua, mtutu unavimba au unapasuka usoni pako. Bunduki ya pekee ya lokesheni ilikuwa sasa kipande cha bomba lililoziba.

"Usiachilie," nilisema.

Lakini mbwa alikuwa ameshtushwa na ule moshi. Alijipinda chini ya panda, mti ukateleza kwa mate, na ndugu yangu aliponyoosha mkono kuushika upya, mbwa alimshika yeye. Alimuuma chini ya kidole gumba, akabaki amening'inia hapo. Ndugu yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mtoe. Mtoe." Nilimpiga mbwa kwa kitako cha bunduki, kichwani, mara nne au tano, mpaka akaachia, halafu nikampiga tena baada ya kuachia, na sikuacha mpaka pale palipokuwa kichwa hapakuwa na umbo.

Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya hapo, na hili sijawahi kumwambia mtu, ni kutazama kama kitako cha bunduki kimepasuka.

Ndugu yangu alikuwa amekaa kwenye kinyesi cha ng'ombe, mkono kaushika kwa mkono. Matundu manne, mawili yakivuja polepole.

"Nipeleke hospitali," alisema. "Walisema siku hiyo hiyo."

Nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa nikifikiri haraka, na mimi nikifikiri haraka huwa napata njia; ndivyo nilivyojenga kila nilichonacho. Nilimwambia asikilize. Tukifika hospitali na kusema mbwa, watauliza mbwa yuko wapi. Tutaonyesha kichwa kilichopondwa. Watauliza kwa nini mwenye leseni ya bunduki amempiga mbwa kwa kitako. Polisi watatazama mtutu, watakuta risasi imekwama, tena risasi ambayo haiko kwenye leseni yangu. Watakuja nyumbani, watakuta mkebe. Nikamwambia, na hapa niliongeza chumvi, kwamba wakishaingia hawataishia kwenye bunduki. Watatazama kinu, watatazama lori, watafunga kila kitu. "Na wewe unakula wapi? Watoto wako wanasoma na nini?"

"Na kama ana kichaa?"

"Si ulisema mwenyewe ni mfupa?"

"Nilisema nilidhani."

"Basi ni mfupa. Mbwa akikwama mfupa anatoa mate, taya linaanguka. Nimeona wengi."

Sikuwa nimeona hata mmoja. Alikuwa mkubwa wangu, angeweza kusimama akaenda kwa miguu yake. Lakini kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikisema na yeye ndiye aliyekuwa akifanya, na hata mwili wake ulikuwa umeshazoea.

"Tutasema nini?" aliuliza.

"Seng'enge. Ulikuwa ukivuta waya, ukakukata."

Tuliosha mkono kwa maji na sabuni ya kipande. Mbwa tulimtupa kwenye choo cha zamani tukamfukia kwa udongo. Kisha nilimpeleka kwenye zahanati, si hospitali, nikasimama mlangoni alipokuwa akifungwa kidonda. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mwenye maneno.

"Waya gani huu wenye meno juu na chini?"

"Seng'enge, mama," ndugu yangu alisema.

"Seng'enge imekuuma kama iliyokuwa na njaa."

"Ilikuwa imekazwa sana."

Nesi alinitazama mimi. Nilimtazama pia, na nilikuwa nimevaa koti. Alimchoma sindano ya pepopunda akatuambia twende.

Wiki ile nilikaa nyuma ya ghala na fimbo ya chuma, mafuta na nyundo ndogo, nikausukuma ule uchafu kwenye mtutu kutoka mbele kurudi nyuma mpaka ukaanguka kwenye kiganja changu. Kipande kidogo, chenye mistari ubavuni. Mtutu ulikuwa mzima. Nilijisifu, naam, kwa sababu fundi wa Nairobi angeniharibia. Zile risasi zilizobaki niliziloweka kwenye mafuta machafu ya lori siku nyingi, kisha nikazizika. Kwa hiyo hata polisi wangekuja wasingekuta kitu. Nililala vizuri. Kila Jumapili kanisani nilitazama mkono wa ndugu yangu akishika kitabu cha nyimbo, na kila Jumapili kovu lilikuwa limefunga zaidi, nikasema moyoni, unaona.

Baada ya mwezi hivi kulikuwa na baraza jingine. Daktari wa ng'ombe mwenyewe alikuja. Alisema mbwa wawili wa upande wetu wamepimwa na wamekutwa na kichaa, na kwamba hata mtu aliyeumwa siku nyingi nyuma, kama bado ni mzima, aende hospitali. Sindano ni za tumboni, zinauma, lakini zinaokoa. Alisema dalili zikishaanza hakuna dawa. Alirudia mara mbili. Mimi nilikuwa mbele, kwenye kiti. Ndugu yangu alikuwa amekaa kwenye nyasi pamoja na wengine. Niligeuka. Alikuwa ananitazama tayari.

Baraza lilipovunjika alinifuata penye lori.

"Niende?"

Neno moja. Nami nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja pia.

"Imeshapona," nilisema. "Ukienda sasa watauliza kwa nini ulificha. Tena ulidanganya zahanati. Hilo nalo ni kosa."

"Sawa."

"Uko na homa? Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi nenda kazini."

Akaenda. Namkumbuka mgongo wake akiteremka barabara ya kinu, na funguo zikilia kiunoni.

Mwezi mwingine ulipita. Siku moja aliniambia mkono unamwasha kwa ndani, kama siafu wanatembea kwenye mfupa. Siku ya pili alishindwa kula. Siku ya tatu mke wake alikuja mbio. Nilimkuta ndugu yangu amekaa kitandani, kikombe cha chai mkononi, anakitazama kama mtu anayeona nyoka. Alikuwa na kiu. Alisema ana kiu. Alipojaribu kukileta mdomoni shingo yote ilikaza, mwili ukaruka, chai ikamwagika. Mtu alifungua mlango, upepo kidogo ukaingia, akaruka tena kwa ule upepo.

Nilimtia kwenye lori nikampeleka hospitali kubwa mjini Meru. Njiani alikuwa na akili zake. Aliuliza kama nimeacha mtu kinuni.

Daktari alikuwa kijana. Alimwona, akaleta glasi ya maji karibu, akaona kilichotokea, akairudisha. Alinitoa nje kwenye veranda.

"Aliumwa na mbwa?"

Hapo nilikuwa nimesimama na ule uongo wa waya, bado mzima, uko tayari kutumika. Nilikuwa nimeushika mpaka nimeuzoea.

"Ndiyo," nilisema.

"Lini?"

"Miezi miwili. Zaidi kidogo."

"Hakuna aliyemleta?"

"Hapana."

Alifunga kalamu yake. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliuliza kama kuna wengine waliopata mate ya mbwa au ya mgonjwa, mke wake, mimi. Nikasema mimi nilimpiga mbwa, mate na damu vilinirukia mikononi. Akaandika.

Ndugu yangu alikaa siku tatu. Walimfunga kitandani kwa vitambaa, si kwa ubaya, alikuwa akijirusha. Katikati ya kujirusha alikuwa akirudi, anakujua, anaomba radhi kwa kutema mate. Mtu mpole vile, anaomba radhi. Siku ya tatu mchana alikwisha. Nilikuwa nimeshika mguu wake, kwa sababu mikono ilikuwa imefungwa.

Na sindano zile za tumboni, alizokosa yeye, nilichomwa mimi. Siku baada ya siku nilikwenda hospitali, nikalala chali, nikafungua shati, wakanichoma pande zote mbili za kitovu. Shemeji yangu alichomwa pia, kwa sababu alimfuta mate. Tulikuwa tukikutana pale kwenye benchi, mimi na yeye, tumbo limetuvimba, na hatukusema chochote zaidi ya salamu. Nesi aliyekuwa akitudunga alisema nina bahati nimewahi.

Polisi hawakuja. Hakuna aliyeuliza habari ya bunduki. Karatasi ya hospitali iliandikwa mbwa, basi, na ile leseni niliyoilinda ilipigwa muhuri mwaka uliofuata na karani aliyekuwa akipiga miayo.

Baada ya mazishi shemeji alirudi kwao Siakago na watoto wawili wadogo, akasema atakaa kidogo. Kidogo ikawa miezi. Nilikuwa nikipeleka karo kama kawaida, lakini nilikuwa siwezi kupita kinuni bila kusikia funguo. Mwishowe nilipanda lori nikashuka mwenyewe, kupitia Embu, mpaka kule kwenye joto, nikamkuta akipepeta ndengu uani kwa baba yake. Alinipa kiti. Mimi sijui kuanza polepole. Nilimwambia yote: risasi za mkebe, ufunguo uliokuwa ukutani, seng'enge, siku ya baraza. Nilimwambia aniseme, anilaani, afanye anavyotaka.

Hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Aliniambia jioni ile ile. Unafikiri mwanamke anafua shati lenye mate ya mbwa, akaambiwa ni waya, akaamini?"

Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Nilimwambia tuje huku. Kesho yake asubuhi, tupande gari, twende Embu, hospitali ambayo hakuna anayemjua. Tuseme mbwa wa njiani. Nilikuwa nimefunga hata nguo."

"Kwa nini hamkwenda?"

Aliweka ungo chini akanitazama. Uso wake haukuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Alisema wewe umesema kila kitu kitafungwa. Kinu, lori, shule ya watoto. Alisema mkono ni wake lakini hao watoto ni wako, wewe ndiye unayewalipia, kila mtu anajua." Alifuta mikono kwenye leso. "Siku ya baraza nilimwambia tena. Akaja kukuuliza wewe. Aliporudi nilimuuliza wewe umesemaje. Akasema, amesema nimepona."

Baba yake alitoka ndani akanisalimu, akauliza habari za mvua huko kwetu juu. Nilimjibu. Shemeji aliinuka akaleta muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, kwenye sahani, akaiweka mbele yangu, na maji ya kunawa. Nilinawa. Alisimama pale na jagi mpaka nilipoanza kula.

"Watoto nitawasomesha mpaka mwisho," nilisema. Ndicho kitu pekee nilichojua kusema.

"Najua," alisema. "Utawasomesha. Lakini usiwaambie."

"Nisiwaambie habari ya mbwa?"

"Usiwaambie kwamba ni wewe unayelipa. Wamesikia vya kutosha."

Niliwasomesha wote wanne. Mmoja ni mwalimu, mmoja yuko benki. Tangu siku ile ya Siakago sikusema tena ni nani aliyelipa; hii ndiyo mara ya kwanza.